Jina la Kuandikwa Mlangoni

Hapo zamani, wala si zamani ile ya masultani na majini, ni zamani ya juzijuzi ambayo watoto wake sasa ndio wanaonyoa ndevu, palikuwa na shule ya msingi katika milima ya Upare iliyoitwa Kwandeghe. Sogeeni karibu. Anayetaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwishoni nina swali, na nitaanza kumuuliza yeye.

Shule ile ilikuwa na desturi yake. Kila kitu kilichopatikana pale kiliandikwa jina la mtu aliyekifanya kipatikane, kwa rangi ya mafuta ya bluu. Tangi la maji liliandikwa Kajiru, kwa sababu fundi Kajiru ndiye aliyelijenga. Kengele iliandikwa Mama Nuru. Kulikuwa hata na ngazi iliyoandikwa Mchungaji, kwa sababu mchungaji aliteleza hapo akang'oka jino, ndipo ngazi ikatengenezwa. Na jina lilikuwa moja tu. Wakati fulani waliwahi kuandika majina ya kamati nzima kwenye ukuta wa stoo, wakagombana nani atangulie, mpaka wazee wawili wakaacha kusalimiana. Tangu hapo wakaapa: kitu kimoja, jina moja. Lishikeni hilo, litatusumbua huko mbele.

Sasa, kitu kizuri kuliko vyote pale shuleni kilikuwa mlango wa choo cha wasichana. Msicheke. Shule ilikuwa ndogo na choo chenyewe kilikuwa na chumba kimoja, lakini mlango wake ulikuwa wa mbao za mninga, mpana, umepigwa randa mpaka ukateleza, una komeo la chuma lililolia kacha likifungwa. Mwalimu Mkuu Mrutu ndiye aliyekipigania choo kile. Alivua tai yake, akashika sururu pamoja na wazazi, akachimba shimo mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Ila Mwalimu Mkuu alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni wageni. Akisikia wageni wanapanda mlima, hali, halali. Na shule haikuwa na meza ndefu ya kuwaketisha. Siku moja akatazama huku na huku, macho yakatua kwenye mlango ule. Ukachomolewa kwenye bawaba, ukasuguliwa kwa sabuni na maji ya moto, ukalazwa juu ya madawati, ukatandikwa kitambaa cheupe chenye maua ya kufuma. Wageni wakala pilau, wakaisifu meza.

Mara ya kwanza mlango ulirudishwa jioni ileile. Mara ya pili ulirudishwa wiki iliyofuata. Baadaye Mwalimu Mkuu akaona kurudisha kitu utakachokitoa tena ni kujichosha bure. Mlango ukabaki ofisini, walimu wakawa wanasahihishia madaftari juu yake, na kule chooni kikatundikwa kiroba kitupu cha unga. Mtu akiuliza, "Mkuu, mlango wa choo uko wapi?" Mwalimu Mkuu alijibu, "Mlango uko kazini."

Wasichana wengine walijua kujipanga. Walioishi jirani walikimbilia kwao. Wakubwa walikwenda makundi kwa makundi, mmoja anashika kiroba, mwingine anaimba. Lakini Nakundwa, mtoto wa darasa la nne, alikuwa amehamia mwaka ule kuja kuishi na bibi yake ng'ambo ya kilima. Kwao mbali, na kundi hana.

Basi siku moja Nakundwa aliingia mle peke yake. Wavulana wa darasa la sita walikuwa bombani, wanakinga maji. Upepo wa mlimani, nao hauna adabu, ukakinyanyua kiroba ukakipindua juu ya bati. Wavulana wakaangua kicheko. Mmoja akachuchumaa katikati ya uwanja akaigiza, wenzake wakagaragara. Nakundwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, kengele ikalia, akaingia darasani na aibu yake.

Siku ile akajiwekea sheria. Shuleni hanywi maji, hanywi uji, hanywi kitu, mpaka arudi kwa bibi yake. Nyie mnaojua jua la mchana na kile kilima mnaelewa maana yake. Kichwa kikaanza kumgonga. Akawa anasinzia kwenye hesabu. Kwenye mbio, yeye aliyekuwa wa kwanza, akawa anafika wakati wenzake wameshafunga kamba za viatu. Watu wakasema mtoto mzembe. Na jioni akifika nyumbani alikunywa maji kikombe juu ya kikombe, halafu akamwambia bibi yake, "Bibi, mimi shule sitaki."

Bibi Nakijwa hakuwa mtu wa kubembeleza. Akasema, "Hutaki shule? Sawa. Shangazi yako kule Same anatafuta wa kumlelea mtoto. Jumatatu unashuka." Nakundwa akakiweka kikombe chini. Shule aliipenda, alipenda hata harufu ya chaki. Lakini angesema nini?

Sasa anakuja mtu wetu wa kwanza. Huyu ni Mwalimu Eliamini, kijana, mwalimu wa darasa la nne. Yeye ndiye aliyeona. Wengine waliona mtoto mzembe, yeye akaona mtoto anayeumwa na kitu. Fimbo yake akaifungia kabatini. Akamhamishia Nakundwa karibu na dirisha apate hewa, na aliposinzia alimwacha asinzie. Aliposikia kwamba Jumatatu mtoto anashushwa Same, alipanda kilima Jumapili na viatu vyake vya kanisani, akafika vimebadilika rangi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kumchukua au kunisomea mashtaka?"

"Nimekuja kuomba. Huyu mtoto ana akili. Kuna jambo linamsumbua, sijalijua bado. Nipe muhula huu mmoja tu. Usipoona mabadiliko, nitamsindikiza mimi mwenyewe mpaka Same."

Bibi Nakijwa akavitazama vile viatu, akamwonea huruma. Akasema, "Muhula mmoja." Kwa hiyo Nakundwa akabaki.

Lakini Mwalimu Eliamini naye alikuwa na lake. Aliona mtoto hanywi uji. Aliona haendi chooni. Akawaza, haya ni mambo ya wasichana, mimi mwanamume nitaanzaje kuuliza. Akawa anakaa ofisini, kiwiko juu ya mlango, anasahihisha madaftari na kujiuliza mtoto huyu ana nini. Kiwiko juu ya mlango, jamani.

Mtu wetu wa pili ni Mwanaidi, aliyekaa dawati moja na Nakundwa. Huyu alikuwa bingwa wa rede shule nzima, anaukwepa mpira hata akiwa ameupa mgongo. Siku moja wakati wa mapumziko akamwona Nakundwa amebana miguu, jasho linamtoka. Hakumuuliza maswali. Alimshika mkono, akampeleka chooni, akavua sweta lake, akalitanua mlangoni kwa mikono miwili.

"Ingia," akasema. "Mimi ni mlango."

Kuanzia hapo kila mapumziko alikuwa pale, amesimama kama komeo. Wavulana wakipita aliwatolea macho mpaka wanabadili njia. Rede inachezwa bila yeye, uji wake unapoa bila yeye. Nakundwa akaanza kunywa uji nusu kikombe, kisha kikombe kizima. Akaanza kukimbia tena. Bibi Nakijwa akaacha kutaja Same.

Sasa ikaja siku ya mechi ya rede na shule ya jirani. Timu ikamtaka Mwanaidi. Mwanaidi akamtazama Nakundwa, Nakundwa akasema, "Nenda, mimi nitavumilia." Akaenda, akakwepa mipira, Kwandeghe ikashinda, wakambeba juu juu. Nakundwa alikuwa amekunywa uji asubuhi kama alivyozoea. Alivumilia mapumziko, akavumilia sayansi, akavumilia hesabu. Kwenye kilima kile cha kwenda kwao uvumilivu ukamwishia, akafika nyumbani sketi imelowa. Alilia mpaka akapata kwikwi. Kesho yake akairudia sheria yake, na hata Mwanaidi aliposimama tena na sweta lake, Nakundwa alikataa kwenda. Uji wake akawa anaumimina kwenye kikombe cha Mwanaidi. Mwanaidi akaupokea, akaunywa, na hakumwambia mtu.

Bibi Nakijwa naye hakuwa kipofu. Akasema, "Muhula ukifungwa tu, Same."

Mtu wetu wa tatu ni Mama Naetwe, mpishi wa uji. Yeye aliona kikombe kimoja kinarudi hakina hata alama ya mdomo. Akamwita Nakundwa jikoni. "Njoo unisaidie kuchambua maharage, macho yangu yamechoka." Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Wakakaa, wakachambua. Mama Naetwe hakuuliza chochote. Akawa anahadithia tu jinsi alivyokuwa mtoto, alivyokuwa akiwaogopa mbuni wa kwenye picha ya kitabu, hata akawa anaruka ukurasa ule amefumba macho. Nakundwa akacheka. Alipomaliza kucheka, akasema yote. Kiroba, upepo, wavulana, kilima, sketi.

"Lakini mama, usimwambie mtu."

"Simwambii mtu, mwanangu."

Alisema hivyo, na wakati ule alikuwa na nia hiyo hasa. Akamtafutia njia bila kumtaja. Akaenda ofisini. "Mkuu, mlango wa choo cha wasichana uko wapi?"

"Mama Naetwe, mlango uko kazini."

Akarudi tena baada ya siku chache. "Mkuu, mlango bado uko kazini?"

"Bado. Na wiki ijayo una kazi kubwa, mgeni rasmi anatoka wilayani kuja kufunga muhula."

Mama Naetwe akarudi jikoni akachochea moto zaidi ya ilivyohitajika. Muhula ukifungwa, mtoto anashuka Same. Na muhula utafungwa juu ya mlango wenyewe.

Ikafika siku hiyo. Wazazi wamejaa, bibi Nakijwa yumo na kitenge chake kipya. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mnene mchangamfu, Bi. Tumsifu, mcheshi kuliko cheo chake. Akaketi na wenzake aliokuja nao kwenye meza uwanjani, kitambaa cheupe, vikombe na mkate, maua katikati. Mama Naetwe akatoka na sinia la pilau, mwiko juu yake, akafika mezani, akasimama.

"Mama, weka chakula," Mwalimu Mkuu akamwambia kwa sauti ndogo.

"Siweki, Mkuu. Siwezi kumwekea mgeni chakula juu ya mlango wa choo."

Akashika ncha ya kitambaa, akakifunua. Komeo la chuma likameremeta juani. Mgeni rasmi akalitazama komeo, akawatazama wenzake, mmoja akaacha kutafuna mkate.

"Na choo kina nini?" mgeni rasmi akauliza.

"Kina kiroba cha unga," akasema Mama Naetwe, na sasa maneno yalikuwa yameshapata mteremko. "Kiroba kinapeperuka. Na kuna mtoto hapa hanywi tone la maji kutwa nzima kwa ajili ya kiroba hicho, anaitwa mzembe, yule pale." Mwiko wa pilau ukamwelekea Nakundwa.

Hakukusudia. Mkono ulienda wenyewe, alipouona umeshafika. Shule nzima ikageuka. Nakundwa akavuta sweta akajifunika uso, na bibi yake akasimama pale alipokuwa amekaa, akajishika kiuno, akaelewa sketi ile ilivyolowa.

Mtu wetu wa nne ni Mwalimu Mkuu Mrutu mwenyewe. Mlidhani atafukuza mtu? Hata mimi nilidhani. Angeweza kusema fundi yuko njiani. Angeweza kusema suala hili litajadiliwa na kamati. Badala yake akavua koti, akasogeza vikombe, akauinua ule mlango, akajitwisha kichwani. Akavuka nao uwanja na suti yake, tai imemwangukia begani, wazazi wanampisha njia. Alifika chooni, akakichana kiroba, akaupachika mlango kwenye bawaba kwa mikono yake, akaubamiza kuujaribu. Akarudi anahema, mbele ya wageni na wazazi akasema, "Aliyeutoa ni mimi. Kuanzia leo wageni wa shule hii watakula sahani ikiwa mapajani." Akamwendea Nakundwa, akainama. "Unisamehe, mwanangu."

Mgeni rasmi akapiga makofi, watu wote wakapiga. Pilau ikaliwa mapajani, na wanasema ilikuwa tamu zaidi. Bibi Nakijwa akamtangazia jirani yake, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba huko Same shangazi mtu atajilelea mwanawe mwenyewe.

Hapo ndipo mtu mmoja akakumbuka desturi. Mlango umerudi, na tangu ulipotengenezwa haujawahi kuandikwa jina. Ikaletwa rangi ya bluu pamoja na brashi. Mwanzoni kila mtu alicheka akajitoa, maana nani anataka jina lake liandikwe kwenye mlango wa choo? Lakini mgeni rasmi akasema, "Mimi ningekuwa nimefanya jambo kama hili, ningetaka jina langu liwe hapo hapo." Basi nyuso zikabadilika. Mzaha ukaisha, watu wakaanza kukohoa.

Wa kwanza akasimama Mwalimu Eliamini. "Mimi ndiye niliyeona kwanza. Kila mtu alisema mzembe, mimi nikasema hapana. Nilikwenda kwa bibi yake kumwombea muhula. Bila mimi, leo mtoto angekuwa Same amebeba mtoto wa mwenziwe mgongoni, na mlango huu ungemrudia nani?"

"Ulikuwa na kiwiko juu yake muhula mzima," akasema Mama Naetwe. Watu wakacheka, mwalimu akakaa.

Akasimama Mwanaidi, akiwa bado na sweta lake mkononi. "Shikamooni. Mimi nilikuwa mlango. Nyie wote mlikuwa mnautafuta mlango au mnauwekea vikombe, mimi nilikuwa nao mikononi. Niliacha rede. Bila mimi, asingeweza kunywa uji hata siku moja."

"Na siku ya mechi?" mvulana mmoja akauliza. "Na ulipokuwa unaunywa uji wake ukanyamaza?" Mwanaidi akatazama chini, machozi yakamlengalenga.

Mama Naetwe akajifuta mikono kwenye khanga. "Mimi ndiye niliyemfanya aseme. Nikauliza mara ya kwanza, nikauliza mara ya pili, mara ya tatu nikafunua kitambaa, na kibarua changu kilikuwa juu ya sinia pamoja na pilau. Bila mimi, meza ingekuwa meza mpaka leo."

"Ulimwahidi hutamwambia mtu, aliniambia mwenyewe," akasema Mwanaidi taratibu. Mama Naetwe akauficha mwiko nyuma ya khanga.

Mwisho Mwalimu Mkuu. "Kosa ni langu, sikatai. Lakini shimo la choo nilichimba mimi, na mlango nimeurudisha mimi. Hawa waliona, walisimama, walisema. Aliyeupachika ni nani? Bila mimi, mngekuwa na maneno matamu na kiroba."

"Bila wewe tusingekuwa na kiroba," akasema bibi Nakijwa, na hapo hata mgeni rasmi akaficha uso kwa leso.

Wazazi wakagawanyika, wa mwalimu huku, wa mpishi kule, na wale wazee wawili wa kamati ya stoo wakaanza tena kutazamana vibaya. Mgeni rasmi akaona mambo yanaharibika. Akaichukua brashi, akamfuata Nakundwa.

"Mlango ni wako, mwanangu. Andika wewe."

Nakundwa akafunua uso. Akawatazama wale wanne. Kila mmoja alikuwa amemshika mkono, na kila mmoja alikuwa amemwachia mahali fulani. Hakuichukua brashi. Alikwenda kwanza kwenye tangi la Kajiru, akajaza kikombe maji, akanywa. Akajaza tena, akanywa, shule nzima inamtazama. Akarudi, akaingia chooni, akavuta mlango nyuma yake.

Kacha.

Watu wote wakageuka upande mwingine wenyewe, bila kuambiwa, wakawa wanaangalia mlima. Hata wavulana wa darasa la sita. Wakasubiri muda aliotaka yeye.

Alipotoka alikuwa anatabasamu mbele ya shule nzima, mara ya kwanza tangu ule upepo. Akaichukua brashi, akaichovya kwenye rangi ya bluu, akasimama mbele ya mlango.

Mimi najua alichoandika, nanyi mnajua kwamba sisemi. Na wewe kule nyuma usiniambie angeandika wote wanne, desturi umeisikia, jina ni moja. Wala usiniambie angeandika lake mwenyewe, huko ni kukimbia swali, na huyo wa pembeni yako amesinzia, mwamshe, nilisema nitaanza naye. Yupo aliyeona na hakuuliza. Yupo aliyesimama na siku moja akaondoka. Yupo aliyesema na akavunja ahadi. Yupo aliyekosa na akarekebisha. Brashi inadondosha rangi, mtoto anasubiri.

Je, jina la nani lilistahili mlango ule?